Neno ‘magaidi’ lilivyotikisa ujirani Karagwe na Kyerwa

WILAYA za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera zinapakana na Rwanda upande wa magharibi, ambako Mto Kagera ndio mpaka. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana pia na Uganda. Mwaka 2013 wakazi wa huku walionja uchungu wa mgogoro wa kidiplomasia ulioanzia mbali nao.

Mei mwaka huo, mjini Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR waliojichimbia mashariki mwa Kongo. Rwanda ilikataa katakata, ikisema haiwezi kuketi na magaidi, kwa kuwa miongoni mwao wamo walioshiriki mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kundi lililoitangulia FDLR, yaani ALIR, lilihusishwa na mauaji ya watalii 8 huko Bwindi, Uganda, Machi 1999, na Marekani iliyaorodhesha miongoni mwa makundi ya kigaidi mwaka 2001.

Kwa upande wake, Tanzania ilisisitiza kuwa ule ulikuwa ushauri tu, na anayeshauriwa yuko huru kuukubali au kuukataa.

Hali ilizidi kuwa tete kwa kuwa askari wa Tanzania walikuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopambana na M23, kundi ambalo wataalamu wa umoja huo walisema linasaidiwa na Rwanda. Rwanda ilikanusha.

Julai 2013, akiwa Kagera, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Serikali ilieleza kuwa lengo lilikuwa kukomesha ujambazi wa silaha na uhamiaji haramu. Hata hivyo, maelfu walivuka kwenda Rwanda, wakiwamo walioishi nchini kwa miaka mingi. Familia zilitengana, mifugo ikaachwa. Mwezi huohuo, Rwanda ilipandisha tozo ya malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi 500.

Marais hao wawili walikutana Kampala Septemba 2013, lakini uhusiano ulichukua muda kutengemaa. Aprili 2016, Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua pamoja daraja la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani.

Mgogoro huo unafundisha kuwa kumwita mtu gaidi ni kufunga mlango wa mazungumzo. Jirani anayeshauri ufunguliwe huonekana adui, na wanaolipa gharama ni watu wa mpakani, wasioulizwa lolote.