Picha za mandhari za rangi na za nyeusi na nyeupe

Picha za mandhari ni picha zinazoonyesha sura ya nchi: milima, mabonde, misitu, maziwa, pwani, jangwa na anga lililo juu yake. Mpiga picha za namna hii hukabiliwa na uamuzi mmoja wa msingi, yaani kama picha itabaki na rangi zake au itakuwa ya nyeusi na nyeupe. Jina "nyeusi na nyeupe" limezoeleka ingawa si sahihi kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya picha hizo ni kijivu cha viwango mbalimbali. Zamani uamuzi ulifanywa wakati wa kuweka filamu ndani ya kamera. Siku hizi hufanywa mara nyingi baadaye, kwenye kompyuta au simu.

Historia

Kwa takriban miaka 80 ya kwanza hapakuwa na uchaguzi wa kweli. Picha ya kamera ya zamani zaidi ambayo bado ipo ilipigwa na Mfaransa Nicéphore Niépce mnamo 1826 au 1827 kutoka dirishani kwake huko Saint-Loup-de-Varennes. Inaonyesha mapaa na anga, bila rangi.

Kemikali za karne ya 19 ziliwasumbua hasa wapiga picha wa mandhari, kwani ziliitikia mno mwanga wa buluu na karibu hazikuitikia mwekundu. Kwa hiyo anga lilitoka jeupe tupu, bila wingu hata moja. Gustave Le Gray, aliyepiga picha za bahari nchini Ufaransa katika miaka ya 1850, alilikwepa tatizo hilo katika baadhi ya kazi zake kwa kuunganisha negativu mbili, moja ya maji na nyingine ya anga. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba kuchanganya rangi fulani katika dawa ya picha huifanya iitikie pia mwanga wa kijani. Mabamba yanayoitikia rangi zote yalianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Picha za rangi zilitokana na jaribio la Mskoti James Clerk Maxwell mwaka 1861, la kuunganisha picha tatu zilizopigwa kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu. Mrusi Sergei Prokudin-Gorsky alitumia njia hiyo kupiga picha sehemu nyingi za Dola la Urusi kabla ya mapinduzi ya 1917. Ndugu Lumière walianza kuuza mabamba ya Autochrome mwaka 1907, ambayo rangi zake zilitokana na chembe ndogo za wanga wa viazi. Filamu ya Kodachrome ilifuata mwaka 1935. Hata hivyo kwa miongo kadhaa baadaye watu wengi wa sanaa waliiona rangi kuwa kitu cha matangazo na kadi za posta.

Ansel Adams na Eliot Porter

Tofauti kati ya njia hizi mbili huonekana wazi zaidi kwa Wamarekani wawili waliozaliwa wakikaribiana, Ansel Adams (1902–1984) na Eliot Porter (1901–1990).

Tarehe 10 Aprili 1927 Adams alipanda kwenye jabali linalotazamana na ukuta wa mlima Half Dome katika bonde la Yosemite, California. Alikuwa amebakiwa na mabamba mawili tu ya kioo. La kwanza alilipiga kwa kichujio cha njano, kisha akatambua kuwa picha hiyo isingeonyesha uzito wa mwamba jinsi alivyouhisi. Kwa bamba la mwisho aliweka kichujio chekundu iliyokolea. Anga likatoka karibu jeusi na theluji ikang'aa. Hakuna mtu aliyeliona anga jeusi siku ile, na hapo ndipo nguvu ya nyeusi na nyeupe ilipo: mtazamaji huikubali picha ambayo kwa rangi angeiita ya uongo. Adams alipiga pia picha nyingi za rangi, hasa kwa kazi za kulipwa, lakini alizionea shaka kwa sababu hakuweza kuzitawala kwa kiwango kilekile. Kitabu kilichokusanya picha zake za rangi kilitoka mwaka 1993, baada ya kifo chake.

Porter alisomea udaktari kabla ya kuacha kazi hiyo na kushika kamera. Mwaka 1963 kilitoka kitabu chake kuhusu Glen Canyon, korongo la mto Colorado ambalo mwaka huohuo lilianza kufunikwa na maji ya bwawa jipya. Ndani ya korongo jua liligonga ukuta mmoja, likarudi kwenye ukuta wa pili likiwa na rangi ya chungwa, huku mawe yenye maji yakiakisi buluu ya anga. Mwangaza wa sehemu hizo hutofautiana kidogo tu, kwa hiyo katika nyeusi na nyeupe zingekuwa kijivu kimoja. Porter angechagua filamu ya Adams, sehemu kubwa ya yale yaliyozama isingekuwa na kumbukumbu.

Si kweli, kama inavyosemwa wakati mwingine, kwamba rangi pekee ndiyo hutetea mazingira. Picha za Adams zisizo na rangi za safu ya Sierra Nevada zilitumiwa katika kampeni iliyozaa Hifadhi ya Taifa ya Kings Canyon mwaka 1940.

Rangi zinavyogeuka kijivu

Rangi mbili tofauti kabisa zinaweza kuwa na mwangaza sawa. Ua jekundu kati ya majani ya kijani huonekana kutoka mbali, lakini likigeuzwa kijivu huweza kupotea kabisa. Kichujio hutenganisha vitu kama hivyo: hung'arisha rangi inayofanana nacho na kuzitia giza zilizo kinyume chake. Kichujio chekundu hutia giza anga la buluu na kukata sehemu ya utusitusi wa mbali, kwa kuwa hewa hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Gharama yake ni mwanga: kichujio chekundu cha kawaida huhitaji takriban mara nane zaidi.

Kompyuta hufanya kazi hiyohiyo kwa hesabu. Fomula moja inayotumika sana huipa kijani uzito wa asilimia 59 hivi, nyekundu 30 na buluu 11, na mtumiaji anaweza kuubadilisha.

Afrika Mashariki

Karibu na ikweta jua hupanda na kuzama upesi, hivyo mwanga wa dhahabu unaopendwa na wapiga picha wa rangi hudumu muda mfupi. Kuanzia saa nne asubuhi rangi huanza kupauka. Nyeusi na nyeupe huvumilia zaidi saa hizo, hasa msimu wa mawingu makubwa.

Mwingereza Nick Brandt alitumia njia hiyo katika vitabu vyake vya picha za wanyama, cha kwanza kikitoka mwaka 2005. Hakutumia lenzi za kuvuta mbali, hivyo mbuga na anga vina nafasi kubwa katika picha hizo. Kwa upande mwingine, tembo wa Tsavo hujulikana kwa vumbi jekundu linalowafunika. Bila rangi huwa tembo wa kawaida. Heroe wa ziwa Natron na maji ya kina kifupi ya pwani ya Zanzibar hupoteza vivyo hivyo.

Kamera za kidijitali

Vihisi vingi vya kamera hupima mwangaza tu. Rangi hupatikana kwa vichujio vidogo vilivyowekwa juu yake kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak katika miaka ya 1970: nusu kijani, robo nyekundu na robo buluu. Mwaka 2012 Leica ilitoa kamera isiyo na vichujio hivyo, inayopiga nyeusi na nyeupe pekee.

Katika kamera nyingine, faili ghafi hutunza rangi hata skrini ikionyesha kijivu. Faili la JPEG lililopigwa katika hali ya nyeusi na nyeupe halina rangi ndani yake, na hakuna programu inayoweza kurudisha zile zilizokuwapo.