Mwajiri wa Karani ni Nani?
Habari Fupi za Watumishi wa Ushirika

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wengine wameandika habari za maghala, za magari na za bei ya pamba. Sisi tumeonelea vema kuandika habari za watu wanaolipwa mshahara na ushirika, yaani makarani wa mizani, watunza fedha, walinzi na mameneja. Watu hawa ni wachache, na chama cha msingi mara nyingi hakina zaidi ya wawili au watatu. Walakini jasho la mkulima la mwaka mzima hupita mikononi mwao kwa dakika chache tu, pale mzigo unapopandishwa mizanini.

Ushirika wa pamba katika Usukuma na Ukerewe ulianzia hapo hapo mizanini. Miaka ya 1950 ilipoanza, wakulima walikuwa wakinung'unika kwamba wanunuzi huwapunja uzito. Hawakuanza kwa kujenga kinu, maana fedha za kinu hawakuwa nazo. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe, wenye kujua kusoma na kuandika, wasimame penye mizani na kuhakikisha uzito wa kila mzigo. Kutokana na juhudi hizo vilikua vyama vya msingi, kisha vyama vikuu, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama Vikuu la Victoria, lililojulikana kwa herufi VFCU, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani.

Twaomba msomaji amtazame vizuri yule mtu wa mizanini. Hakuwa na cheti cha uhasibu. Lakini kazi yake ilikuwa moja, nayo ilifahamika kwa wote; na waliomweka walikuwa wamesimama nyuma yake kwenye foleni, macho yao juu ya mshale wa mizani. Hata Waasisi wa Rochdale kule Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Desemba 1844 wakiwa wanachama 28, walimtoa muuzaji na mtunza fedha miongoni mwao wenyewe. Chama kikiwa kidogo, jambo hilo hujiendea lenyewe. Kikikua, halijiendei tena.

Baada ya Uhuru wa 1961 vyama vilienezwa upesi mno, hata katika mikoa ambayo haikuwa na mazoea ya ushirika wala makarani wa kutosha. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963, nacho kikajipatia sifa njema pale Moshi. Walakini hakikuweza kutoa mabwana hesabu kwa wingi uliotakiwa. Ndipo kamati nyingi zikaajiri kwa kuangalia undugu na urafiki. Mwezi Januari 1966 Rais Nyerere aliteua Kamati Maalum kuuchunguza ushirika na bodi za mazao. Kamati ilitaja wanachama wasioelewa chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, udhaifu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na wanasiasa. Haya yote ni mambo ya watu. Hakuna hata moja linalohusu udongo au mvua.

Dawa iliyotolewa yapasa kufikiriwa sana na kila mjumbe wa bodi. Sheria ya 1968 iliunda Tume ya pamoja ya Utumishi wa Ushirika, na mamlaka ya kuajiri, kuadhibu na kufukuza yakahamia huko. Tusiibeze Tume ile. Ilimpa karani ngazi ya mshahara iliyojulikana, na kumkinga na mwenyekiti mwenye hasira. Lakini kwa dawa ile ile mkulima aliyelipa mshahara kutoka katika ushuru wa mazao yake hakuwa tena na kauli juu ya anayemlipa. Karani akawa na bwana wa mbali amwogopaye, na bwana wa karibu ambaye hamjali. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa kabisa, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Basi hata yule bwana wa karibu akaondolewa.

Vyama vilirudishwa kwa Sheria ya 1982, na Sheria ya 1991 ikasisitiza hiari ya mwanachama. Leo tunaongozwa na Sheria ya 2013, chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kumchagua mtumishi ni wajibu wetu tena, na kasoro zilizotajwa mwaka 1966 zaweza kurudi nasi nyumbani tusipoangalia. Mizani za kidijitali hazitazami uso wa mtu. Lakini azisomaye tarakimu na kuziandika katika stakabadhi ni mtu, tena pengine ni mpwa wa mjumbe.

Kwa sababu hiyo, Mkutano Mkuu wa mwaka huu utasomewa rasimu ya Kanuni za Utumishi. Mambo mengi ndani yake hayana ubishi. Kila nafasi itangazwe ubaoni. Ndugu wa mjumbe akiomba kazi, mjumbe huyo atoke nje ya kikao. Kila karani apewe kazi zake kwa maandishi, na ajue ni nani mmoja tu mwenye haki ya kumwamuru. Makarani wenyewe ndio walioliomba sana hili la mwisho, kwa kuwa wakati wa ununuzi huamriwa na wajumbe watano, kila mmoja akitaka mzigo wake upimwe kwanza.

Ubishi upo katika kifungu cha mshahara. Ununuzi wa pamba huchukua miezi michache, na desturi imekuwa kumlipa karani wa mizani kwa miezi hiyo tu. Wajumbe wengine wasema, na hoja yao ina uzito, kwamba ushuru hautoshi kumlisha mtu asiye na kazi. Sisi twaona kwamba karani aachwaye mwaka mzima ajitafutie huja mizanini na madeni, na aliyemkopesha mara nyingi ni mfanyabiashara anayenunua pamba kwa siri. Tumependekeza alipwe nusu mshahara nje ya msimu, naye atunze daftari la wanachama, akague maghala na kugawa mbegu. Gharama imeonyeshwa katika makisio, chama kwa chama. Wajumbe wayasome makisio hayo kabla ya kupiga kura, na waje na maswali.