Mafundi dirishani bila taarifa: Jinsi ya kujua mapema ukarabati wa nje ya fleti unayoishi

Umeamka Jumamosi, unafungua pazia, unakutana uso kwa uso na fundi amesimama kwenye mirunda, msasa mkononi. Ghorofa ya tatu hiyo. Hakuna aliyekuambia kitu. Nguo ulizoanika jana usiku zimejaa vumbi la lipu, na gari lako liko chini kabisa ya ndoo yake ya rangi.

Kwa wanaoishi kwenye nyumba za pamoja, iwe Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au Mombasa, hii si stori ngeni. Ukarabati wenyewe ni jambo zuri, nani anataka kuishi kwenye jengo linalomenyeka? Tatizo ni kushtukizwa.

Makala hii inaeleza nani anapaswa kukupa taarifa, taarifa yenyewe iwe na nini, na ufanye nini usipopewa.

Kwa nini siku chache tu zina maana kubwa

Watu wengi wanadhani ni suala la usumbufu. Ni zaidi ya hapo.

Kwanza afya. Vumbi la saruji na la lipu linalokwanguliwa linaweza kuamsha pumu. Kwenye majengo ya zamani yaliyopakwa rangi za mafuta, rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na zikikwanguliwa kwa msasa mkavu zinatoa vumbi lenye sumu, hatari zaidi kwa watoto wadogo na wajawazito. Mzazi akijua siku 7 kabla, anaweza kumpeleka mtoto kwa bibi yake kwa wiki hiyo. Akijua asubuhi ileile, anachoweza ni kufunga madirisha tu, na kwa joto la Dar la Februari, jaribu wewe.

Pili usalama. Mirunda ikishasimama, jengo limepata ngazi inayofika kila baraza. Mtu yeyote aliyevaa ovaroli na kubeba brashi anapita getini bila kuulizwa. Kama wakazi hawajui kuna kazi, hawajui pia nani ni fundi na nani amekuja kuangalia laptopu iliyo mezani.

Tatu kipato. Dada anayepika vitafunwa vya oda, fundi cherehani mwenye nguo za wateja barazani, nesi anayerudi zamu ya usiku saa 1 asubuhi na kukuta nyundo zinagonga ukuta wa chumba chake. Hawa wote hawaombi kazi isimame. Wanaomba kuambiwa tu.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Jengo nililokuwa nimepanga lilipakwa rangi upande wa nyuma, na mafundi wakafunika kila kitu kwa turubai isipokuwa kompresa za AC zilizokuwa ukutani. Ya kwangu ilimeza vumbi siku mbili ikiwa inafanya kazi, kwa sababu sikujua niizime. Kuisafisha nililipa mwenyewe. Niliambiwa "ulitakiwa kuzima". Kwa taarifa ipi?

Nani hasa anapaswa kukuambia?

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu nyumba za pamoja haziko za aina moja.

Kama jengo zima ni la mwenye nyumba mmoja na nyote ni wapangaji, mambo ni mepesi: yeye ndiye anayeamua na yeye ndiye wa kukuambia, au msimamizi wake.

Kama kila fleti ina mwenyewe, kuna chama cha wamiliki. Tanzania Bara ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, Na. 16 ya 2008. Chini yake mtu anakuwa na hati ya fleti yake, halafu maeneo ya pamoja, kwa kawaida paa, ngazi, ua na maegesho, yanasimamiwa na wamiliki kwa umoja wao. Zanzibar ina sheria yake ya 2010 kwa majengo ya aina hii. Kenya ilifuta sheria yake ya 1987 na kuleta mpya ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, na huko wamiliki wanaunda shirika lenye bodi na kanuni zake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo taarifa nyingi zinapotelea. Chama kinawajibika kwa wamiliki. Wewe mpangaji si mwanachama. Taarifa inatumwa kwenye grupu la WhatsApp la wamiliki, mwenye fleti yako yuko Muscat au London, anaisoma akiwa kazini, anaweka dole gumba, anaendelea na maisha yake. Chama kinasema kimetoa taarifa. Mwenye nyumba anasema hakuona kama ni jambo kubwa. Wewe umepakwa rangi.

Kwa hiyo siku ya kuhamia, kabla hata ya kuuliza luku inasomaje, uliza maswali mawili: nani anasimamia nje ya jengo, na matangazo yanapita wapi? Omba namba yako iingizwe kwenye grupu la matangazo. Wakikataa kwa sababu ni la wamiliki tu, omba mwenye nyumba aandike kwenye mkataba kwamba kila taarifa ya ukarabati atakufikishia ndani ya siku moja. Ni sentensi moja tu, na wengi wanakubali bila ubishi.

Na usimdharau mlinzi wa getini. Mchanga ukishushwa saa 5 usiku, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Sheria inasemaje kuhusu mpangaji

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zinafanana kwenye mambo mawili yanayokuhusu. La kwanza, mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. La pili, mtu akipangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye wa kutunza paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu ya maji na maeneo ya pamoja.

Yaani anatakiwa kutengeneza, na wakati huohuo anatakiwa kukuacha utulie. Huwezi kumzuia asitengeneze ukuta wake. Lakini na yeye hana ruhusa ya kukugeuza mgeni kwenye nyumba unayolipia. Taarifa ya mapema inawaweka wote wawili mahali pazuri.

Idadi ya siku itafute kwenye mkataba wako na kwenye kanuni za jengo. Kanuni hizo ni haki ya kila mmiliki kuziona, na mpangaji anaweza kuziomba kupitia kwake. Kama hazitaji siku, pendekezeni zenu kwenye kikao kijacho. Kwa maoni yangu, kupaka rangi au kubadilisha bati kunataka wiki 2, na kazi ya siku moja kama kuzibua gata inatosha saa 48.

Dharura ni habari nyingine. Bomba limepasuka, waya wa umeme unatoa cheche, kipande cha lipu kinaning'inia juu ya njia ya watoto: hapo fundi aitwe saa hiyohiyo na watu waambiwe wakati kazi inaendelea. Ila jihadhari na "dharura" ya kupaka rangi.

Wenzetu Uingereza wamelifikisha mbali. Huko, kwenye fleti za umiliki wa muda mrefu, kifungu cha 20 cha sheria ya mwaka 1985 kinasema kama kazi itamgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250, ni lazima wapewe barua ya kusudio na siku 30 za kutoa maoni, kisha makadirio ya bei na siku nyingine 30. Msimamizi akiruka hatua hizo bila ruhusa ya baraza linalosikiliza kesi hizo, anaweza kumdai kila mmoja pauni 250 tu, hata kama kazi imegharimu maelfu. Waswahili wengi walionunua fleti huko wanaujua utaratibu huu vizuri kwa sababu unagusa mfuko. Kwetu chama kinaweza kuazima wazo hilohilo na kuliweka kwenye kanuni zake: hakuna mchango wa ziada bila taarifa na bei mezani.

Taarifa nzuri inafananaje

"Kutakuwa na ukarabati wiki ijayo, samahani kwa usumbufu." Hiyo siyo taarifa, ni salamu.

Mfano wa ujumbe unaosaidia ni huu, unaweza kuunakili na kumpa msimamizi wenu:

"Habari wakazi wa Bloku B. Kuanzia Jumatatu tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 12, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, mafundi watakwangua na kupaka rangi ukuta wa upande wa barabara. Fleti zote za upande huo zifunge madirisha na kuzima AC saa za kazi. Msianike nguo barazani. Magari ya mstari wa kwanza yahamishiwe nyuma kuanzia Jumapili jioni. Mafundi ni 6, watavaa vizibao vya kijani na majina yao yako getini. Maji hayatakatwa. Gharama inatoka kwenye ada ya kila mwezi, hakuna mchango. Mvua ikinyesha tutasogeza siku na kuwaambia. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ampigie msimamizi kabla ya Ijumaa."

Angalia jinsi inavyosema upande gani. Mtu wa upande wa nyuma anajua halimhusu, anaendelea na mambo yake. Na ile ya mvua si mapambo: Pwani, masika ni Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, kazi za nje zinaahirishwa kila mara. Msimamizi mwenye akili anapanga rangi kati ya Juni na Septemba, na akishapanga hana sababu ya kuwaficha wakazi kalenda hiyo. Iombeni mwanzoni mwa mwaka.

Ujumbe huo ubandikwe pia getini na kwenye ngazi. Kuna wazee hawana WhatsApp, kuna dada wa kazi ambaye ndiye anayeanika nguo na kufunga madirisha lakini hayupo kwenye grupu lolote.

Ukipata taarifa, na usipopata

Ukipata, piga picha. Madirisha, neti, gari, dishi, kompresa, ukuta wa ndani unaopakana na kazi. Picha za simu zinabaki na tarehe, na siku ukisema ufa huu haukuwepo, utakuwa na cha kuonyesha.

Usipopata na mafundi wameshafika, usigombane na fundi. Yeye katumwa. Muulize kwa utulivu nani kampa kazi na itaisha lini, piga picha ya hali ilivyo, kisha mwandikie msimamizi au mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe na saa. Simu haiachi ushahidi. Ukiona kuna uharibifu, taja kitu na bei ya kukitengeneza, ambatanisha risiti.

Wakinyamaza, Tanzania unaweza kuanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mgogoro ukiwa mkubwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kenya, sheria ya 2020 imeweka kamati ya ndani ya kutatua migogoro kwenye majengo haya. Ila mara nyingi haifiki huko. Ujumbe mmoja wa maandishi uliosainiwa na wakazi wa fleti 5 au 6 unamfanya msimamizi akumbuke kubandika karatasi getini mara ijayo.