Povu la Kijitoni

Nilipokuwa mdogo huko Kagera, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuchota maji kijitoni. Bibi alinifunza kupangusa povu kwa kiganja kabla ya kuzamisha ndoo. "Hizo ni taka za majani," alisema. Nilipangusa kwa miaka bila kuuliza.

Ukubwani nilisoma habari za mtu aliyeyaacha maji akachukua povu. Cecil Terence Ingold, aliyezaliwa mwaka 1905, alikuwa mhadhiri wa botania chuoni Leicester, Uingereza. Akiwa huko aliona kwa hadubini spora, yaani mbegu za kuvu, zenye mikono minne mithili ya nanga ya jahazi. Na kazi yake ni ya nanga kweli: maji yakiipeleka spora, mikono hunasa kwenye jani lililozama.

Hakuwa wa kwanza kuziona. Mbelgiji Émile De Wildeman, aliyeandika sana juu ya mimea ya Kongo, alikuwa ameipa mojawapo jina la Tetracladium marchalianum mwaka 1893. Lakini makala ya Ingold ya mwaka 1942 ndiyo iliyoonyesha kwamba hii ni jamii nzima ya kuvu, na makao yake ni majani yaliyokufa chini ya maji: ya mti uitwao alda, ya mierebi, na ya miti mingine ya kingoni.

Jani likianguka mtoni huwa gumu. Kuvu hulilainisha na kulitia rutuba, ndipo wadudu wa majini hulila, nao samaki huwala wadudu.

Mwaka 1958 Ingold alichapisha makala juu ya kuvu hizo kutoka Uganda na Rhodesia. Nilipofika kwenye neno Uganda nilisimama kusoma. Ng'ambo tu ya mpaka wetu! Bibi alikuwa amesema kweli: povu lilikuwa na habari za majani. Hakuwa na hadubini tu.

Ingold alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 104. Bibi alikwisha tangulia. Niliporudi kijijini nilikuta shamba limelimwa hadi ukingoni mwa kijito, miti yote imekatwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, vile visamaki vyetu vimekwenda wapi?"

Nilimwonyesha visiki.