Pikipiki ya matairi manne: shambani ruksa, barabarani je?

Msimu wa kondoo kuzaa nilipata kibarua kwenye shamba moja huku Wales. Usafiri wa kazi ni zile pikipiki za matairi manne. Siku ya pili tu bosi akaniambia nipeleke chakula cha kondoo shamba lake la pili, "si unavuka barabara tu!" Nikamwomba anipe hadi asubuhi. Jioni nikazama mtandaoni. Sheria za England, Scotland na Wales ziko hivi:

1. Ukigusa barabara ya umma, hata mita kumi, chombo kiwe kimesajiliwa, kina namba na bima, na wewe una leseni ya gari.

2. Wakulima wana nafuu: kikiwa cha kazi ya kilimo, na kipande cha barabara kati ya mashamba ya mtu mmoja hakizidi kilomita 1.5, hakilipi kodi ya barabara. Wengi hudhani nafuu hiyo inafuta na bima. Haifuti!

3. Giza likiingia, lazima taa.

4. Helmeti sheria ya barabarani hailazimishi, ila HSE, mamlaka ya usalama kazini, inasema usipande bila helmeti wala bila mafunzo.

5. Usipakie mshikaji. Kile kiti kirefu ni cha dereva kusogeza uzito wake mbele na nyuma.

Sasa kwa nini lami ni hatari kuliko tope? Nyingi hazina difu nyuma, matairi mawili yanazunguka kwa kasi moja. Kwenye kona tairi la ndani linatakiwa liteleze kidogo. Topeni linateleza, kwenye lami linang'ang'ania, na chombo kinataka kwenda moja kwa moja wakati wewe unakata kona.

Asubuhi nikaomba kuona bima. Ilikuwa ya shambani tu. Hapo nikagoma. Ukikamatwa bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni yako. Mwajiriwa asiyejua ana utetezi, lakini mimi nilishajua! Nikavusha magunia kwa mabega, safari nne. Bosi alinuna kutwa nzima, kesho yake akapiga simu kuongeza bima.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa "ni kuvuka tu", omba karatasi kwanza. Wenye uzoefu wa mashambani, karibuni mtoe maoni.