Waliotunza Habari za Watu Wetu



Baada ya hesabu za ada, misaada ya mazishi na karo za watoto, halmashauri imetuagiza tuongeze kurasa hizi juu ya watu na biashara za Kisumu na mwambao wa ziwa ambao wametunza habari za watu wetu. Twapenda kusema wazi tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu waliotoa fedha mfukoni mwao wenyewe.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Habari hiyo imeandikwa sana, kwa kuwa wenye reli walikuwa na makarani. Habari za waliokuwako kabla ya reli zilikaa vinywani mwa wazee, na kila mazishi yalichukua sehemu yake.

Mwaka 1938 Bwana Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alitoa kitabu juu ya desturi za Wajaluo, *Luo Kitgi gi Timbegi*. Alikiandika kwa Kijaluo, ili mwenye desturi aweze kuzisoma mwenyewe. Baadaye kilipigwa chapa tena hapa Kisumu na Anyange Press, nyumba iliyochapa pia vitabu vya Profesa Bethwell Ogot. Huyu Profesa, mzaliwa wa Gem, alikwenda kwa wazee akawauliza juu ya koo zao na safari zao, wakati ambapo wasomi wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Kitabu chake juu ya Wajaluo wa kusini kilitoka mwaka 1967. Alifariki Januari 2025, na kwetu sisi aliwatoa wazee wa vijijini katika hali ya kudharauliwa, akawafanya mashahidi.

Lakini mtu ambaye twataka kukaa naye zaidi ni marehemu Bibi Asenath Bole Odaga, mzaliwa wa Rarieda, kwa sababu yeye alikuwa mwandishi na mfanyabiashara pia. Aliacha utafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanzisha hapa Kisumu nyumba ya kutoa vitabu, Lake Publishers, pamoja na duka la vitabu. Duka aliliita Thu Tinda, maneno ambayo msimulizi wa Kijaluo huyasema akimaliza hadithi. (Duka kufunguliwa kwa maneno ya kufungia hadithi! Waliomfahamu hawatashangaa.) Mwaka 1984 alitoa *Yesterday's Today*, kitabu juu ya fasihi simulizi, akaandika hadithi za watoto, na akatengeneza kamusi. Kila mwenye duka miongoni mwetu ajua kwamba shilingi iliyowekwa katika sukari au saruji hurudi upesi, na iliyowekwa katika kitabu cha Kijaluo yaweza kukaa rafuni miaka mingi. Bibi Odaga alilijua hilo, naye hakufunga. Alifariki Desemba 2014. Barua ya shukrani kutoka kwa chama chetu hakuipata, maana hatukuiandika.

Wazee watakumbuka pia Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ya mwaka 1947 iliyoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, ambayo pamoja na biashara nyingine iliweka fedha katika mtambo wa kupiga chapa, Ramogi Press. Na ukumbi wa Ofafa hapa mjini, uliojengwa kwa michango ya Luo Union, hulitunza jina la Ambrose Ofafa, aliyeuawa Nairobi mwaka 1953. Jengo lipo. Ila vyama vya makabila vilipoamriwa kuvunjwa mwaka 1980, ni nani aliyeuliza daftari za matawi yake zilikwenda wapi?

Nasi hatuna haki ya kujisifu. Mwaka jana tulipofungua sanduku la zamani la chama, tulikuta daftari za mikutano ya kwanza zimeliwa na mchwa. Kati ya majina ya waanzilishi yalisomeka matatu tu. Wazee wawili walitusaidia kujaza yaliyosalia. Mmoja wao tumemzika kabla ya taarifa hii kupelekwa mtamboni.

Kwa hiyo halmashauri imeazimia kwamba kila mkutano mkuu utasoma barua ya heshima kwa mtunzaji mmoja aliye hai. Twaomba majina: mpiga picha aliyehifadhi picha za zamani, fundi wa nyatiti anayewafundisha vijana, mama ajuaye nyimbo za kusaga nafaka, mwenye hoteli aliyetundika ukutani picha za meli za ziwa. Mwenye barua au picha na azilete ofisini siku ya Jumamosi asubuhi. Zitanakiliwa mbele yake, naye atarudi nazo nyumbani. Sanduku jipya ni la bati, na tumeliweka juu ya meza.