Matembezi na Maakuli katika Nchi ya Ngoliba

Atakaye kuijua tarehe ya matembezi ya jamaa upande wa Ngoliba, nchini Kenya, hana budi kuanzia Thika, ambako mwaka 1908, kabla reli haijafika, ilijengwa hoteli ya Blue Posts karibu na maporomoko ya Chania, wasafiri wakapata malazi na maakuli. Mwaka uliofuata Theodore Roosevelt, aliyekwisha maliza urais wa Marekani, alikirimiwa shambani Juja na William Northrup McMillan, tajiri ambaye kaburi lake liko ubavuni mwa Kilimambogo, mlima unaoikabili Ngoliba. Lakini karamu zile zilikuwa za mabwana, na wenyeji walizikaribia kwa utumishi tu.

Raia wa kawaida walipojaaliwa nafasi ya kustarehe, ndipo Fourteen Falls, karibu na Ngoliba, Mto Athi unapoanguka kwa ngurumo, palipokuwa makutano ya jamaa, Wakikuyu na githeri yao ya mahindi na maharagwe, Wakamba na muthokoi wao wa mahindi yaliyokobolewa, na watoto (nani awalaumu?) wakililia nanasi la njiani. Kwa rai yangu, githeri ile, ijapokuwa imekwisha poa sufuriani, ina fadhila kuliko dhifa zote za Juja.